Dalali wa mtandaoni au dalali wa ofisini: namna ya kuamua kabla hujasaini

Ukitaka kuuza nyumba siku hizi utakutana na madalali wa aina mbili. Kuna yule wa miaka yote, ana ofisi yake, anakuja mwenyewe kuikagua nyumba, anatafuta mnunuzi afu anakata asilimia yake pale pesa ikishaingia. Na kuna wa mtandaoni, huyu unajisajili kwa simu, unalipa ada moja iliyopangwa, nyumba inapandishwa kwenye tovuti za nyumba na unabaki kuchati na mtu ambaye pengine hutamuona uso kwa uso hata siku moja. Watu wengi wanaangalia nani bei yake ndogo wanasaini, na mi naona hapo ndo wanapoumia, sababu hawa wawili hawauzi kitu kimoja. Mmoja kwa kiasi kikubwa anakuuzia tangazo, mwingine anakuuzia kazi (au anadai hivo), na usipojua unanunua kipi unaweza ukalipa hela ndogo ukaachiwa kazi yote, au ukalipa hela kubwa kwa kazi ambayo ungeifanya mwenyewe jioni ukitoka kazini.

Kwa hiyo swali la "nani mzuri kati yao" liweke pembeni kwanza, twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Andika kazi zote, weka jina mbele ya kila kazi

Chukua karatasi. Andika kila kitu kinachofanyika kuanzia leo mpaka siku unakabidhi funguo. Kupanga bei, kupiga picha, kuchora ramani ya vyumba, kuandika tangazo, kulipandisha mtandaoni, kupokea simu, kuchuja wababaishaji, kuonyesha nyumba, kupatana bei, kuhakiki kama mnunuzi ana pesa kweli, afu kufukuzana na mawakili na benki mpaka biashara iishe. Sasa mbele ya kila kazi andika nani ataifanya: wewe, dalali wa mtandaoni kwa ada yake ya kawaida, au dalali wa mtandaoni ukiongeza hela, au wa ofisini.

Utashangaa. Mara nyingi ada ile ndogo inayotangazwa kwa herufi kubwa inaishia kwenye kupandisha tangazo, na kila kitu kingine kina bei yake: picha za mtaalamu unaongeza, kuonyeshewa wateja unaongeza, bango la nje unaongeza, tangazo kukaa juu kwenye orodha unaongeza. Sio wizi huo, ndo biashara yao ilivyo, ila ujumlishe yote kabla hujasema "huyu nafuu". Na uulize pia kama bei uliyotajiwa imeshajumuisha kodi, maana Uingereza kwa mfano VAT ni 20% na ukitajiwa ada bila hiyo kodi hesabu yako yote imeshaharibika.

Mstari wa mwisho kwenye hiyo karatasi, ule wa kufukuzana na mawakili na benki, ndo watu wanausahau na ndo wa muhimu kupita yote. Kupata mnunuzi sio kuuza. Kati ya mtu kusema "nataka" na pesa kuingia kuna wiki nyingi, na sehemu nyingi duniani katika hizo wiki mnunuzi anaweza akajitoa bila kulipa chochote, England na Wales kwa mfano hakuna anayebanwa mpaka mikataba ibadilishwe kati ya mawakili. Benki inachelewa, mkaguzi anakuta ufa, wakili wa upande wa pili hajibu barua. Dalali mzuri anapiga simu kila siku chache anasukuma. Kwa hiyo muulize kila mmoja moja kwa moja: wiki ya nane, ofa imeshakubaliwa, wakili kanyamaza, ni nani anapiga simu? Akikujibu jina la mtu, vizuri. Akikujibu "timu yetu", endelea kuuliza mpaka jina litoke.

Hatua ya 2: Hesabu kinachobaki mkononi, sio ada

Twende na mfano, pesa weka ya nchi yako. Nyumba ni 200,000. Wa ofisini anataka 1.5%, yaani 3,000. Wa mtandaoni anataka 1,000. Tofauti 2,000, ambayo ni 1% ya bei ya nyumba.

Maana yake ni hii: ukiuza 200,000 kwa wa ofisini unabaki na 197,000, na ukiuza 198,000 kwa wa mtandaoni unabaki na hiyo hiyo 197,000. Kwa hiyo ukiona kupitia mtandao bei itashuka kwa zaidi ya hiyo 1%, kwa sababu hamna wa kukusaidia kupatana au picha ni za ovyo, unafuu wote umeyeyuka. Ukiona bei itakuwa ile ile, umeokoa 2,000. Ni hivo tu, ila watu hawaipigi hii hesabu, wanalinganisha 3,000 na 1,000 wanaishia hapo.

Sasa badilisha asilimia uone mambo yanavyogeuka. Marekani kwa miaka mingi kamisheni ya jumla imezoeleka kuwa 5% mpaka 6%, ikigawanywa kati ya dalali wa muuzaji na dalali wa mnunuzi. Kwa 5% unazungumzia 10,000 kwenye nyumba hiyo hiyo, na hapo mwenye ada ya 1,000 anakuwa kivutio kikubwa sana, maana wa ofisini lazima akuletee bei iliyo juu kwa 4.7% hivi ndo mlingane. (Huko Marekani sheria za mchezo zilibadilika Agosti 2024, dalali wa muuzaji haruhusiwi tena kutangaza kamisheni ya dalali wa mnunuzi kwenye mfumo wao wa pamoja wa orodha za nyumba, kwa hiyo kama unauza huko uliza wazi wazi nani anamlipa dalali wa mnunuzi, usije ukaokoa upande mmoja ukatoa upande wa pili.) Ndo maana ushauri wa rafiki aliyeuza nchi nyingine usiuchukue mzima mzima, asilimia ya huko inaweza kuwa mara tatu ya kwako.

Je ni kweli dalali anaongeza bei? Kuna wanauchumi walifuatilia mauzo ya nyumba mji wa Madison, Marekani, wakalinganisha waliouza wenyewe kupitia tovuti ya wamiliki na waliopitia madalali, wakachapisha 2009. Hawakuona ushahidi kwamba kupitia dalali kulileta bei ya juu zaidi kwa maana ya kuhesabika. Ila waliopitia madalali waliuza haraka zaidi, na uwezekano wa nyumba kuuzika kabisa ulikuwa mkubwa zaidi. Huo ni mji mmoja, na wale walikuwa hawana dalali kabisa, lakini mi utafiti huo unanifundisha swali la kujiuliza: nina muda au sina? Mwenye muda anaweza kujaribu njia ya bei ndogo. Mwenye tarehe ya kuhama, au deni linamkaba, anunue kasi.

Hatua ya 3: Tazama analipwa lini, hapo utajua moyo wake uko wapi

Hii hatua naomba uisome taratibu.

Wa ofisini kwa kawaida analipwa nyumba ikiuzika. Isipouzika, hakuna hela. Watu wanasema basi huyo atapigana kufa na kupona akuletee bei kubwa. Sio kweli kihivyo. Rudi kwenye mfano wetu: imekuja ofa ya 190,000 leo, na kuna dalili ukisubiri mwezi mmoja utapata 200,000. Wewe ukikubali leo unapoteza 10,000. Dalali wa 1.5% anapoteza 150, na hiyo 150 yenyewe huenda anagawana na ofisi. Atakwambia nini? Atakwambia soko gumu, chukua hiyo.

Haya sio maneno ya kijiweni. Wanauchumi Steven Levitt na Chad Syverson walichambua mauzo ya nyumba karibu 100,000 eneo la Chicago na vitongoji vyake, utafiti ukachapishwa 2008, wakakuta madalali wanapouza nyumba zao wenyewe wanapata bei iliyo juu kwa takriban 3.7% kuliko wanapouza za wateja, na nyumba zao zinakaa sokoni karibu siku 9.5 zaidi. Yaani yake anaisubirishia, yako anaiharakisha.

Wa mtandaoni uliyemlipa mbele ndo kabisa, yeye ofa ya 190,000 au 200,000 au isiuzike, hela yake iko mfukoni tayari. Sio lazima awe mtu mbaya, wengine wanajituma sana, ila mkataba wenyewe haumsukumi popote. Kwa hiyo usimtegemee yeyote kati yao akulindie bei. Bei unailinda wewe, na namna ya kuilinda ni kujua thamani ya nyumba yako kabla simu ya kwanza haijaita (tutafika hapo).

Kwa wa ofisini kuna mbinu moja naipenda sana, ni kamisheni ya ngazi. Badala ya 1.5% kwa yote, mwambie 1% mpaka 190,000, na 10% ya kila kinachozidi hapo. Akiuza 200,000 anapata 1,900 jumlisha 1,000, yaani 2,900, kwako ni nafuu kidogo kuliko ile 3,000. Lakini sasa akikubali ofa ya 190,000 anapoteza 1,000 nzima, sio 150 tena. Hela karibu ile ile, moyo tofauti kabisa. Wengine watakataa, jaribu tu.

Kulipa mbele kuna hatari ya pili, kampuni kufa na hela yako. Uingereza kampuni ya mtandaoni ya Emoov iliangukia mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi Desemba 2018. Purplebricks, ambayo ilikuwa jina kubwa kabisa la mtindo huu, iliingia Australia 2016 na Marekani 2017, ikajiondoa kote kote 2019, na 2023 biashara yake ya Uingereza ikauzwa kwa pauni 1 kwa kampuni nyingine ya mtandaoni, Strike. Sisemi mtindo wenyewe ni mbovu, nasema ukilipa leo kwa huduma ya miezi kumi unamkopesha mtu, na kampuni ikifilisika aliyelipa mbele anapanga foleni na wadai wengine. Angalia kampuni ina umri gani, inatengeneza faida au inaishi kwa hela za wawekezaji, na kama unaweza lipa kwa kadi ambayo benki yako inaweza kukurudishia hela huduma isipotolewa.

Na ile "lipa baadaye" yao, isome vizuri. Mara nyingi maana yake sio "lipa ikiuzika". Maana yake ni deni lenye tarehe, miezi kadhaa ikipita unadaiwa hata kama nyumba haijapata mtu wa kuiangalia, na wakati mwingine sharti ni utumie mawakili waliowachagua wao, usipowatumia unatakiwa kulipa papo hapo.

Hatua ya 4: Iangalie nyumba, afu jiangalie mwenyewe

Nyumba inayofanana na nyingine nyingi, mfano fleti kwenye jengo ambalo fleti mbili tatu zimeuzwa mwaka huu, bei yake inajulikana, picha zikiwa safi inajiuza. Hiyo mpe wa mtandaoni bila wasiwasi mkubwa.

Nyumba ya peke yake ni habari nyingine. Ya zamani sana, au imeongezewa vyumba kienyeji, au ya urithi na warithi hawajakaa meza moja, au ina mpangaji ndani, au ina mgogoro wa mpaka na jirani, hiyo inataka mtu wa kuieleza kwa mdomo, anayejua wanunuzi gani wana moyo na nyumba za namna hiyo. Hapo asilimia ya wa ofisini unailipa kwa haki.

Kuhusu wewe: una uwezo wa kupokea simu saa ya chakula cha jioni? Unaweza kusimama sebuleni kwako mtu akaponda jiko lako ukanyamaza, ukamjibu kwa upole, afu ukakataa ofa yake bila kukasirika? Kuna watu hawawezi, na sio dhambi, nyumba ni kitu cha moyoni hasa ukiwa umelea watoto humo. Basi mlipe mtu akusimamie. Na ukiwa unaishi mbali na nyumba, nchi nyingine au mji mwingine, usahau ule mpango wa kuonyesha mwenyewe.

Ukiamua kuonyesha mwenyewe chukua jina na namba ya kila anayekuja kabla hajafika, muwe wawili ndani ya nyumba, nyaraka na vitu vya thamani viwe vimefungiwa. Hatua hii usiipuuze.

Hatua ya 5: Panga bei wewe

Waite watatu waikadirie nyumba, wa ofisini wawili na wa mtandaoni mmoja, kwa kawaida ni bure. Kabla hawajaja tafuta nyumba zinazofanana na yako zilizouzwa miezi ya karibuni, na nasisitiza zilizouzwa, maana bei iliyo kwenye tangazo ni matumaini ya muuzaji, haijathibitishwa na mtu yeyote.

Kuna mchezo wa kizamani kwenye hii kazi, dalali anakutajia bei kubwa ili umpe nyumba, unafurahi unasaini, wiki sita baadaye anaanza kukwambia tushushe. Wakati huo nyumba imeshachakaa machoni pa watu, kila anayeitafuta ameshaiona na anajiuliza ina kasoro gani. Kwa hiyo anayetaja bei iliyo juu sana ya wenzake mwambie akuonyeshe nyumba tatu zilizouzwa bei hiyo. Kimya chake kitakujibu. Na wa mtandaoni anayekadiria kwa kompyuta bila kufika, hiyo namba ichukue kama mwanzo tu, kompyuta haijui umebadilisha paa wala haijui kelele za barabara.

Hatua ya 6: Wapime kama mnunuzi

Piga simu au tuma ujumbe kwa kila dalali unayemfikiria, ulizia nyumba yake yoyote aliyoitangaza. Kajibu baada ya dakika ngapi, au siku ngapi? Anaijua hiyo nyumba au anakusomea tangazo? Alikuuliza kama una pesa mkononi au unategemea mkopo wa benki? Asiyekuuliza wewe hatawauliza wanunuzi wako pia, na utaonyesha nyumba kwa watu wasio na uwezo mpaka uchoke.

Angalia matangazo yao ya sasa, picha za giza zenye ndoo bafuni zinakwambia zako zitakuwaje. Hakikisha pia anapandisha kwenye tovuti ambazo wanunuzi wa kwenu wanazitumia kweli. Uingereza mfano tovuti kubwa kama Rightmove hazipokei tangazo kutoka kwa mwenye nyumba binafsi, lazima upitie dalali, na wa mtandaoni anakufikisha pale pale anapokufikisha wa ofisini. Kwa hiyo yule wa ofisini akijisifu tu kwamba "tunatangaza mtandaoni", hiyo sio sababu ya kumlipa mara tatu. Mwisho uliza leseni au usajili wake, na ukiwa na malalamiko unayapeleka wapi.

Hatua ya 7: Soma mkataba, haya maneno hasa

Muda wa kufungwa: wa ofisini wengi wanataka wiki 12 au zaidi, omba 8. Notisi ya kuondoka ni siku ngapi, na inaanza kuhesabiwa lini.

Haki ya kipekee: kuna mkataba wa dalali mmoja pekee, ambapo ukimpata mnunuzi wewe mwenyewe bila yeye hudaiwi, na kuna ule wa haki ya kuuza, ambapo hata ukimuuzia binamu yako dalali analipwa. Majina yanafanana, tofauti ni hela nyingi. Wa pili usisaini.

Kifungu cha kwamba amekuletea mnunuzi "aliye tayari na mwenye uwezo": kwa hicho unaweza kudaiwa kamisheni hata kama umeghairi na hakuna mauzo. Kifute, kamisheni ilipwe biashara ikikamilika tu.

Ofa zote zikufikie kwa maandishi. Hii hata kwa wa mtandaoni, wengine wanazileta kwenye apu na ukizima arifa hujui kitu.

Hatua ya 8: Wiki nne za kwanza, na namna ya kubadilisha

Tangazo lina nguvu zaidi siku za mwanzo. Ikipita wiki moja omba namba: wangapi wamelifungua, wangapi wamepiga, wangapi wamekuja. Wengi wamefungua na hakuna aliyepiga, tatizo ni bei au picha. Wamekuja wengi na hakuna ofa, waulizwe waliona nini. Hakuna hata wa kufungua, tangazo limewekwa vibaya.

Wiki nne au tano zikipita kimya unaweza kubadilisha, na njia rahisi zaidi ni kuanza na wa ofisini kwa mkataba mfupi au kuanza na wa mtandaoni asiyedai hela mbele. Aliyelipa mbele kwa wa mtandaoni akahamia ofisini analipa mara mbili, hilo liwe kwenye hesabu yako tangu hatua ya 2. Na usikimbilie kusaini wa pili kabla ya notisi ya wa kwanza kuisha. Dalali wa kwanza anaweza kudai kamisheni kwa mnunuzi yeyote aliyemleta yeye hata akinunua miezi baadaye kupitia mwingine, ukajikuta unawalipa wote wawili kwa nyumba moja. Siku unayoandika notisi mwombe kwa maandishi orodha ya majina ya watu wote aliowaleta, na orodha hiyo iambatanishwe kwenye mkataba wa dalali mpya, na kifungu kinachosema kwamba yeyote kati ya hao akinunua, dalali mpya hadai chochote.